Baragumu la G, maikrofoni au sinthesaiza: sheria ipi ya DCI ilistahili kulalamikiwa?

Kila shabiki wa vikosi vya ngoma na matarumbeta vya Marekani ana mwaka wake ambao mchezo uliharibika. Mmoja atakutajia 2000, mwingine 2004, wa tatu ataapa ni 2009. Mzee aliyepiga baragumu la vali moja na rota (vali na rota hubadilisha urefu wa bomba ili noti nyingine zipatikane) atawacheka wote watatu, kwa kuwa kwake mambo yalianza kwenda mrama 1977, vali mbili ziliporuhusiwa.

Kwa asiyevijua vikosi hivi: ni vijana hadi 150 na ushee, umri wa mwisho 21 au 22, wanaojaza uwanja wa futibali ya Kimarekani kwa onyesho moja la takribani dakika 11. Wanapuliza, wanapiga ngoma, wanarusha bendera na bunduki za mbao, na miguu haisimami. Hakuna saksafoni wala filimbi. Wanashindana chini ya Drum Corps International (DCI), ambayo fainali yake ya kwanza ilifanyika Whitewater, Wisconsin, mwaka 1972. Tangu 2009 fainali ziko Lucas Oil Stadium, Indianapolis. Mwanapwani aliyesikia habari za beni, zile ngoma za mashindano, na uhasama wa vyama vya Marini na Arinoti hahitaji kuelezwa kwa nini watu wazima hununiana juu ya matarumbeta.

Mabishano mengi yanakwama mahali pamoja: sheria zote zinafungwa furushi moja na kuitwa "mambo ya kisasa". Ilhali zilikuja kwa awamu, na kati ya awamu moja na nyingine ipo misimu inayokuwezesha kusikia badiliko moja bila lingine. Hilo ndilo la kutumia ukitaka kuchagua: uanze kutazama misimu ipi, uketi wapi uwanjani, au, kama unaandika kanuni za mashindano ya bendi kwenu, uruhusu nini na ukatae nini. Kwenye jedwali, ufunguo, kama G au B-flati, ni noti ambayo ala imejengwa juu yake; sinthesaiza ni kinanda cha umeme, na sampuli ni sauti zilizorekodiwa zinazochezwa nacho.

| Misimu | Matarumbeta | Umeme |
|---|---|---|
| 1977–1989 | G, hadi vali mbili | hakuna |
| 1990–1999 | G, hadi vali tatu | hakuna |
| 2000–2003 | ufunguo wowote | hakuna |
| 2004–2008 | ufunguo wowote | maikrofoni na spika |
| 2009–2013 | ufunguo wowote | pamoja na sinthesaiza na sampuli |
| 2014 na kuendelea | ala yoyote ya shaba | kama juu |

Safu ya 2000–2003 ndiyo yenye thamani kubwa kwa mwenye sikio. Misimu minne tu: matarumbeta ya B-flati yamekwisha kuingia, umeme bado. Anayesema "sauti iliharibiwa na umeme" na anayesema "sauti iliharibiwa na B-flati" wanaweza kupimwa hapo hapo. Tahadhari moja: si vikosi vyote vilivyobadilisha mara moja. Seti nzima ya ala ni fedha nyingi, kwa hiyo kwenye misimu hiyo utakuta G na B-flati wakishindana usiku mmoja.

G dhidi ya B-flati

Tuanze na tofauti yenyewe, maana wengi hulalamika bila kuijua. Tarumbeta la B-flati lina bomba la karibu mita 1.48. Baragumu la soprano la G liko chini kwa nusutoni tatu, hivyo bomba lake linafika kama mita 1.76. Bomba refu kwa mdomo wa ukubwa uleule hutoa sauti pana, yenye makali ukilisukuma kwa nguvu. Ndiyo ile "sauti ya kikosi" ambayo mashabiki wa zamani huitambua wakiwa nje ya geti. Kwa tyuba tofauti ni hiyohiyo: noti ya wazi (isiyobonyezewa vali) ya chini kwenye tyuba ya G ni ya hezi 49, yaani mitetemo 49 kwa sekunde, kwenye ya B-flati ni hezi 58. Tyuba ya B-flati inaweza kuifikia G hiyo kwa kubonyeza vali, lakini noti inayopita kwenye vali haina mngurumo wa noti ya wazi.

Kwa hiyo malalamiko ya mwaka 2000 hayakuwa hewa. Kitu kilipotea kweli. Ila kilichopatikana pia kilikuwa kikubwa, na mashabiki hawapendi kukitaja. Ala za G hazikuwa na mnunuzi nje ya vikosi. Shule haiwezi kuziingiza kwenye bendi yake ambayo tayari ina B-flati na F. Za B-flati zikitumika msimu mmoja au miwili zinauzwa kwa shule, na fedha inarudi kununua mpya. Kijana aliyejifunza tarumbeta shuleni anaingia kikosini na ala anayoijua, na anatoka nayo vilevile.

Na tukisema kweli, badiliko lililougeuza muziki wenyewe ni la 1990, ambalo halikumbukwi sana. Baragumu la vali mbili lina mapengo. Ukiwa na vali ya toni nzima na ya nusutoni, unashuka nusutoni tatu tu kutoka noti ya wazi. Kati ya C ya kati na G iliyo juu yake kuna nusutoni saba, kwa hiyo C-kali, D na E-flati hazipo. Juu kidogo, A-flati haipo. Mtunzi alilazimika kukwepa noti hizo, kuzigawa kwa sauti nyingine, au kuchagua wimbo kwa kuangalia kama mapengo yataangukia mahali pabaya. Vali ya tatu iliziba yote. Kwa hiyo anayetamani "enzi za G" achague kwanza: G yenye mapengo au G iliyokamilika? Ni enzi mbili tofauti, na ya pili, 1990 hadi 1999, ndiyo bora kwa mtu anayeanza.

Kumbuka pia kwamba kelele za mashabiki hazikuwa juu ya sheria siku zote. Mwaka 1993 kikosi cha Star of Indiana kilileta muziki mgumu, wa kukwaruza masikio, wote ndani ya kanuni, na majukwaa yakapokea kwa ubaridi. Walikosa ubingwa kwa alama 0.1 nyuma ya The Cadets. Leo onyesho hilo linatajwa miongoni mwa makubwa zaidi ya karne iliyopita, na mara nyingi na watu walewale.

Maikrofoni za 2004

Hapa ugomvi ulipamba moto, na ni muhimu kutenganisha mambo mawili yaliyoingia kwa mlango mmoja: marimba na mdomo wa mtu.

Marimba, vaibrafoni na zailofoni ziko mbele ya uwanja, chini kabisa, zikiwa na tarumbeta zaidi ya 60 nyuma yake. Bila umeme njia ya kusikika ilikuwa moja: fimbo zenye vichwa vigumu, mikono juu, na watu kadhaa kupiga kitu kimoja. Vibao vya chini vya marimba, ambavyo ndivyo vitamu, vilikuwa karibu havina kazi, kwa kuwa kichwa kigumu hapo hutoa mlio wa kugonga bila mwili wa sauti, na ukizidisha nguvu kibao kinapasuka. Baada ya 2004 maikrofoni zikaingia chini ya vibao, fimbo za uzi laini zikarudi, na kila mpigaji akawa na sehemu yake. Mwenye kubisha asikilize safu ya mbele ya msimu wowote wa 2002 halafu wa 2008. Kwenye hili mashabiki walikosea, basi.

Mdomo wa mtu ni habari nyingine. Sheria hiyo iliruhusu kuimba na kusimulia kwa maikrofoni, na The Cadets wa 2006 hadi 2008 waliitumia kwa usimulizi mrefu uliopita juu ya muziki. Lawama zilikuwa kali, na tunadhani zilikuwa na haki kwa sababu ya kawaida kabisa: mtu hawezi kusikiliza maneno na matarumbeta 60 kwa pamoja. Lazima kimoja kipunguzwe, na aliyelipa kiingilio kusikia shaba ndiye aliyepunguziwa. Vikosi vilijifunza. Maneno yakafupishwa, yakapelekwa kwenye nafasi za utulivu, au yakaachwa.

Kuna tatizo la tatu ambalo mashabiki hulisikia bila kujua linatoka wapi. Mpigaji wa pekee akisimama mita 40 nyuma ya mstari wa mbele akiwa na maikrofoni isiyo na waya, sauti yake inafika kwenye spika papo hapo. Sauti yake halisi inasafiri hewani kwa mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo inaufikia mstari huo baada ya kama sekunde 0.117. Muziki ukienda mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo ni sekunde 0.125. Yaani jukwaa linasikia noti mara mbili, zikipishana karibu robo ya pigo. Ndiyo ile "ukungu" kwenye solo za haraka. Tiba zipo mbili: mlete mpigaji mbele, mita 10 au chini, au fundi acheleweshe sauti kwenye miksa. Ya pili haifai mpigaji akiwa anatembea, kwa kuwa umbali unabadilika hatua kwa hatua. Kikosi kizuri humleta mbele, na mara nyingi ndiyo maana utaona mwanasolo akiacha mstari na kukimbilia safu ya mbele.

Mengine yanayoharibika ni yale ya kila mwenye kukodisha muziki: mluzi wa spika, upepo kwenye maikrofoni, betri, masafa ya redio yanayogongana kwenye uwanja uliojaa kamera. La kipekee kwa vikosi ni muda. Wanaingia, wanaunganisha nyaya na kuanza ndani ya dakika chache, saa inahesabu, na hakuna jaribio la sauti. Kebo moja ikikaa vibaya, miezi ya mazoezi inapita bila marimba.

Bora la kutazama kutoka dirisha hili ni fainali ya 2008 mjini Bloomington: Phantom Regiment walichukua ubingwa kwa alama 98.125 dhidi ya 98.100 za Blue Devils. Maikrofoni zipo, sinthesaiza hazipo. Anayedai kwamba umeme uliua msisimko ana kazi ya kueleza ule usiku.

Sinthesaiza za 2009

Hapa upande wa walalamikaji una hoja nzito kuliko kwingine kote, na ni hoja ya fizikia kabla ya kuwa ya mapenzi.

Kikosi cha leo kinakuwa na tyuba kama 12 hadi 16. Ni vijana waliobeba chuma begani, wakikimbia huku wakishusha pumzi kwa hesabu. Kando yao, kwenye mstari wa mbele, kidole kimoja kikibonyeza kinanda kinaamsha spika kubwa za besi zinazotoa noti ileile oktava moja chini, hezi 29 badala ya 58. Mawimbi ya sauti hizi ni marefu. Hata kwenye hezi 50 wimbi moja ni karibu mita 7. Spika haiwezi kulielekeza, linazunguka kila upande, linarudi kutoka kwenye ukuta na paa. Halafu sikio la binadamu lina tabia ya kufunikwa na sauti nzito: besi ikizidi, inameza zilizo juu yake kuliko zile za juu zinavyoimeza. Matokeo yake tyuba hazisikiki kabisa, baritoni (ala za shaba za sauti ya kati) zinapoteza umbo, na shabiki anabaki na kitu kinachotetemesha kifua bila noti unayoweza kuitaja. Mashabiki walikipa jina la dhihaka, ute wa ngurumo, na jina limekaa.

Kuna kejeli ndani yake. Mngurumo wa chini uliopungua G zilipoondoka ulirudi miaka tisa baadaye kupitia soketi ya umeme.

Usawa wa sauti ni la pili. Ala ya shaba hupanda kadiri hewa inavyopata joto. Kwa nadharia ni karibu senti 30 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusutoni) kwa kila nyuzi 10, ingawa pumzi ya mpigaji hupunguza tofauti hiyo kiasi. Msimu huwapeleka kutoka jioni ya nyuzi 34 Texas hadi usiku wa nyuzi 18 Wisconsin. Sinthesaiza haijui joto. Ikiachwa pale ilipo na shaba ikapanda senti 10 tu, B-flati ya hezi 233 itapigana nayo zaidi ya mara moja kwa sekunde. Akodi iliyopaswa kutulia inatikisika. Kubadilisha sinthesaiza ni suala la kitufe, lakini marimba haina kitufe. Kwa hiyo njia ya salama ni kuishikilia marimba kama kipimo, kuvuta au kusukuma mabomba ya shaba kuifuata usiku huohuo, na kuacha sinthesaiza palepale ilipo marimba. Wanaofanya kinyume, wakaipandisha sinthesaiza ifuate shaba, wanaiacha marimba yatima.

Mbona basi hazikuondolewa? Kwa sababu zikitumika vizuri zinafanya kisichowezekana vinginevyo. Bluecoats wa 2014 walipoishusha akodi nzima, shaba na umeme pamoja, kama mtu anayeinamisha meza, jukwaa lililozoea kulalamika lilisimama. Hapo umeme haukufunika tyuba wala kujaza pengo. Ulifanya kazi yake yenyewe. Kipimo chetu ni hicho: zima sinthesaiza kichwani, halafu ujiulize kimepotea nini. Kama kilichopotea ni uzito tu, ilikuwa ute.

Kuhusu fedha, malalamiko yana nusu ya ukweli. Miksa, spika, maikrofoni, fundi na nafasi kwenye lori ni mzigo, na kikosi kidogo kinaumia zaidi ya kikubwa. Ila idadi ya vikosi ilianza kuporomoka tangu miaka ya 1970 na 1980, wakati hakuna hata waya mmoja uwanjani. Kuitupia sinthesaiza lawama hiyo ni kuionea.

2014, kwa kifupi

Ala yoyote ya shaba: tromboni, honi ya Kifaransa, sousafoni. Kelele zilikuwa nyingi, athari ndogo. Mellofoni na baritoni zinazoelekezwa mbele bado ndizo zinazofaa kutembea nazo, kwa sababu honi ya Kifaransa inatazama nyuma na bomba la tromboni linahitaji nafasi ambayo mstari uliobana hauna. Hutumika kwa watu wachache, kwa dakika chache. Hofu ya kweli ilikuwa kwamba saksafoni ndizo zinazofuata. Sheria ile haikuzigusa.

Kwa nini kulalamika hakukuzuia kitu

Wanaopiga kura ni wakurugenzi wa vikosi wanachama, na mapendekezo hutoka kwa walimu wao. Shabiki hana kura. Isitoshe, alama 100 zinagawanywa 40 kwa mvuto wa jumla, 30 kwa muziki na 30 kwa mwonekano. Mwenye kupata 40 kwa kushangaza hawezi kukataa chombo kipya cha kushangazia. Hata kabla ya yote haya, hadi 1983, waamuzi walihesabu tiki, kila kosa likikata 0.1, na walipoacha kuhesabu mwaka 1984 wapo waliolia kwamba sasa ubingwa ni maoni ya mtu. Badiliko hilo ndilo lililofungua mlango wa mengine yote, kwa kuwa chini ya tiki kila nyongeza ni nafasi mpya ya kukosea.

Basi uchague nini

Kama unataka nguvu ya shaba tupu, anza na fainali za 1990 hadi 1999. Kama unataka usafi wa sauti na mwendo bila umeme, nenda kwa Cavaliers wa 2002, waliomaliza na 99.15. Anayependa ngoma na marimba atafurahia 2004 hadi 2008 kuliko zote. Anayetaka tamasha zima, mwanga, majukwaa na sauti zisizo na jina, aanze 2014 na asirudi nyuma haraka, maana masikio yake yatadhani kuna kitu kimeharibika.

Ukipata tiketi, usinunue viti vya chini vya katikati kwa sababu tu ni karibu. Hapo uko mbele ya spika, na shaba iko nyuma yake. Panda theluthi mbili ya jukwaa, kati ya mistari miwili ya yadi 35. Kwenye uwanja wenye paa, kama ule wa Indianapolis, panda zaidi kidogo lakini usifike chini ya dari, kwani mwangwi wa besi hujikusanya huko. Kwa uwanja wa wazi, hasa mji mdogo, viti vya chini pembeni vina raha yao: utaikosa picha ya mwendo, ila utazisikia tyuba zenyewe.

Na kwa mwandaaji wa mashindano ya bendi za shule au za matarumbeta anayefikiria kuruhusu umeme, tenganisha vipengele vile DCI haikuvitenganisha. Ruhusu maikrofoni kwa ala za kugongwa na kwa mpigaji mmoja wa pekee aliye ndani ya mita 10 za spika. Kataza kinanda kupiga besi wakati tyuba zinapiga. Toa miksa na spika moja ya waandaaji kwa bendi zote ili mwenye fedha asishinde kwa spika. Muweke mwamuzi mmoja wa muziki juu kabisa ya jukwaa na mwingine chini, halafu alama zao zikitofautiana sana kwa bendi moja, msikilize wa chini anasema nini kuhusu tyuba.